Mboga ya Newala na Maji ya Bondeni

Msafiri atokaye Masasi kwenda Newala huiacha nchi tambarare yenye vilima vya mawe vilivyosimama kimoja kimoja kama vichuguu vikubwa, akapanda kwa barabara ya kuzungukazunguka mpaka juu ya uwanda wa Makonde. Akisha kufika juu huona mikorosho, mihogo, kisha mikorosho tena, na ardhi ya mchanga yenye wekundu. Asichokiona ni mto. Mvua inayonyesha juu ya uwanda hunywewa na mchanga mara moja, ikashuka chini sana, na kutokea tena kwa chemchemi kando ya mabonde, chini ya miteremko mikali, mbali na nyumba za watu. Pale Newala, mahali paitwapo Shimo la Mungu, mtu akisimama ukingoni huona nchi imekatika ghafula mbele ya miguu yake, na bonde la Ruvuma limetandazwa chini mpaka Msumbiji. Maji ayaona kwa macho. Kuyafikia ni kazi ya miguu.

Hata hivyo sokoni Newala, hata katika miezi ya kiangazi, wako wanawake waliokaa chini na mafungu ya majani mbele yao: kisamvu, matembele, mchicha, majani ya maboga, majani ya kunde. Jani ni kitu cha maji kuliko mazao yote. Likikosa maji shambani hudumaa, na likikosa maji sokoni hunyauka kabla ya adhuhuri. Imekuwaje, basi, watu walioishi juu ya mchanga mkavu kwa vizazi vingi wakawa watu wa kula majani kila siku, na tangu lini majani hayo yakawa kitu cha kuuzwa?

Neno lenyewe lastahili kuangaliwa kwanza. Mboga ni neno la asili ya Kibantu, na ndugu zake wako katika lugha nyingi, kama imboga ya Kinyarwanda. Lakini katika Kiswahili kinachosemwa nyumbani, mtu aulizapo, "Leo mboga nini?", hakusudii majani tu, jibu laweza kuwa dagaa, au maharage, au nyama siku ambayo mwenye nyumba amepata fedha. Mboga ni kile kinachoshusha ugali. Ndiyo maana ikapasa kusema mboga za majani, ili kuzitenga na mboga nyingine. Tofauti hii si ya maneno matupu. Yaonyesha kwamba jani halikuhesabiwa kuwa chakula chenyewe, ila mwenzi wa chakula. Na kisichohesabiwa kuwa chakula hakihesabiwi kuwa zao, na kisichokuwa zao hakiandikwi katika taarifa za serikali. Vitabu vya historia ya kusini vimejaa sandarusi, mpira, mkonge, karanga na korosho. Atakayetafuta ndani yake fungu moja la kunde atafunga kitabu mikono mitupu, ijapokuwa waliogema mpira huo na kuokota korosho hizo walikula kunde jioni ile ile.

Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani kutoka jumba la makumbusho la Leipzig, alikaa Masasi na Newala mwaka 1906, na kitabu chake juu ya safari ile kikachapwa mwaka 1908. Miongoni mwa mambo aliyoyaandika ni ngano ya Wamakonde juu ya asili yao. Mtu wa kwanza, aliyekuwa peke yake nyikani, alichonga kinyago cha mti, akakisimamisha, nacho kikageuka kuwa mwanamke. Mwanamke yule alizaa karibu na mto, mtoto akafa. Wakapanda juu kidogo, akazaa tena, mtoto akafa. Wakapanda hata juu kabisa penye vichaka, akazaa mara ya tatu, na mtoto akaishi. Tangu hapo wazee wakausia watu wao wakae juu, wasikae mabondeni penye maji.

Mtu wa leo akiisoma ngano hii atasema wazee walikuwa wamezijua homa za bondeni kabla ya daktari kuja kuzitaja kwa jina la malaria, na huenda ni kweli. Lakini ilikuwapo na sababu ya pili, nayo ni vita. David Livingstone alipopita kandokando ya uwanda huo mwaka 1866, akitoka Mikindani kwenda bara, ilimlazimu kuajiri Wamakonde wamkatie njia kwa shoka katika vichaka vilivyosongamana. Kichaka kile kilichomchosha mgeni kilikuwa boma la mwenyeji. Wateka watumwa walifuata njia za mabondeni penye maji. Aliyekaa juu penye kiu alikuwa na usalama. Watu walichagua kiu, na aliyeilipa zaidi ni mwanamke, maana kuteka maji ilikuwa kazi yake. Alishuka mteremko na mtungi, akapanda nao kichwani, na safari moja iliweza kumla nusu ya siku.

Katika hali hiyo hapakuwa na bustani. Hapana mke ambaye angepanda genge zima na mtungi wa maji kisha akaumwaga juu ya mchicha. Mboga ilimea kwa mvua, na mvua ya kusini ni ya majira moja tu, tangu Novemba au Desemba hata Aprili. Mwenye shamba alifyeka kichaka, akakichoma, akapanda mtama, mahindi na muhogo, na katikati yake kunde na maboga. Baada ya miaka michache ardhi ilichoka, akahamia mahali pengine, na kichaka kikarudi. Clement Gillman, mhandisi aliyegeuka kuwa mwanajiografia, aliandika mwaka 1945 makala juu ya ukulima huo wa kuacha vichaka viote tena, na alistahili kusikilizwa kuliko alivyosikilizwa, kwa kuwa aliona kwamba ukulima ule ulikuwa na maarifa yake, na kwamba wingi wa watu ulikuwa unaufupisha muda wa ardhi kupumzika.

Shamba la namna hiyo lilikuwa na mboga pasipo kuwa shamba la mboga. Jani la kunde lilichumwa wakati kunde yenyewe haijazaa; jani la boga lilichumwa boga likiwa bado changa; jani la muhogo lilichumwa mzizi ukiwa unaendelea kunenepa chini ya mchanga. Juu ya hayo yalikuwapo majani ambayo hakuna aliyeyapanda: mlenda, mgagani, mchunga wenye uchungu, na mchicha wa porini uotao penye majivu. Mwanamke aliyekuwa akipalilia hakuyang'oa yote. Aliyaacha yale anayoyafahamu, akarudi nayo nyumbani ndani ya kanga. Maarifa haya yalitoka kwa mama kwenda kwa binti shambani, wala hayakuwa na mwalimu mwingine. Mvua zilipokaribia kwisha, majani ya kunde yalichemshwa kidogo, yakaanikwa juani juu ya jamvi mpaka yakawa makavu, yakawekwa kwa ajili ya miezi ya njaa ya mboga. Atakayesema kwamba watu wa zamani hawakujua kuhifadhi chakula na aulizwe majani yale yalikuwa nini.

Masasi ilikuwa na habari nyingine. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu, yule yule ambaye vitabu vyake vya lugha ya Unguja wanafunzi wa Kiswahili wanavifahamu, alisafiri kutoka Lindi pamoja na watu waliokombolewa utumwani, akakusudia kwenda mbele kuelekea Ziwa Nyasa. Safari ikaishia Masasi. Watu waliona ardhi nzuri na maji karibu ya vilima, wakakaa. Walikuwa wa makabila mengi, Wayao, Wamakua, watu wa Nyasa na wengineo, nao walikuwa wameonja maisha ya Unguja na lugha yake. Mwaka 1882 kijiji hicho kilishambuliwa na Wangoni, wakati ule wakiitwa Wamagwangwara. Kazi ya misheni ikahamia Newala kwa muda, chini ya ulinzi wa Matola, jumbe wa Wayao, na Chauncy Maples akawa miongoni mwa waliokaa huko. Mwaka 1905, vita vya Maji Maji vilipofika, misheni ya Masasi iliteketezwa tena kwa moto. Watu waliokimbia mara mbili katika kizazi kimoja hawachukui makabati. Huchukua watoto, jembe, na vitu vidogo vinavyofungika ndani ya kitambaa, na mbegu ni moja ya vitu hivyo. Muhogo hauhitaji hata mbegu: kijiti kilichokatwa kwenye shina chatosha.

Muhogo ndio uliobadili mambo. Asili yake ni Brazili, na ulifika pwani ya Afrika katika zama za Wareno, pamoja na mkorosho, ambao nao ni wa Brazili. Laiti mtu angeondoa katika Newala ya leo kila mmea uliovuka bahari ya Atlantiki, yaani muhogo, mkorosho, mahindi, karanga, viazi vitamu na maboga, angebaki na mtama, kunde, mlenda na mchanga. Serikali ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, zilihimiza muhogo kwa sababu wastahimili ukame na waweza kungoja ardhini. Maofisa waliutazama mzizi. Wanawake waliutazama mzizi na jani pia, na jani ndilo lililojibu lile swali la kiangazi: mwezi wa Septemba, mlenda na mchicha vikiwa vimekufa, shina la muhogo bado lina majani machanga nchani.

Lakini kisamvu si jani la mtu mvivu. Muhogo una sumu, na majani yake huwa na sumu nyingi kuliko mzizi. Kwanza huchumwa yale machanga, hutwangwa kinuni mpaka yalainike, ndipo huchemshwa muda mrefu bila kufunikwa vizuri ili mvuke utoke. Mwishoni hutiwa karanga zilizotwangwa, au tui la nazi ikiwa nazi imepatikana kutoka pwani. Kutwanga huko si desturi ya kupendezesha chakula tu, bali ndiko kunakoivunja sumu. Mapishi haya yalikuwa elimu kamili, na wakati wa njaa hasara ya kuifupisha ilionekana. Mwaka 1988, wakati wa ukame, watu wa wilaya ya Masasi walipatwa na sumu kwa kula unga wa muhogo mchungu uliotayarishwa kwa haraka, kabla ya kukaa siku zake za kuchachuka na kukauka. Hawakuwa wamesahau, njaa haikuwapa siku hizo. Na wataalamu wa chakula waliochunguza ugonjwa wa miguu kukakamaa, uitwao konzo, wameeleza kwamba mwili huishinda sumu ya muhogo kwa msaada wa protini. Kwa hiyo kile kitoweo kidogo pembeni mwa ugali, kunde au dagaa, ambacho hakikuandikwa katika taarifa yoyote, kilikuwa sehemu ya ulinzi wa miguu ya watoto.

Upo pia mti mwingine ambao watu wengi hula majani yake bila kuujua ukoo wake. Wajerumani walipanda katika mashamba ya Lindi na ya Usambara mpira wa Ceará, jamaa ya muhogo, ambao nao umetoka Brazili. Mwaka 1913 bei ya mpira ilianguka kwa sababu ya mpira wa mashamba ya Malaya, na wenye mashamba wakafilisika. Miti ikabaki. Watu wakaichuma majani, wakayatwanga, wakayaita kisamvu cha mpira. Hivyo biashara kubwa ya dunia ilipoondoka, iliacha nyuma yake sufuria ya mboga. Na yafaa kusemwa kwamba sufuria imedumu kuliko kampuni.

Juu ya maji, ushahidi wa ajabu kuliko wote umeandikwa na madaktari. Tangu mwaka 1952 hata 1953 ugonjwa mpya wa homa na maumivu makali ya viungo ulienea katika uwanda wa Makonde, wilaya za Newala na Masasi. Marion Robinson na W. H. R. Lumsden walieleza habari zake mwaka 1955, na jina lililotumiwa na wenyeji, chikungunya, neno la Kimakonde lenye maana ya kujikunja, likaingia katika vitabu vya tiba vya dunia nzima. Mbu aliyeueneza huzaa katika maji safi yaliyotulia ndani ya nyumba. Uwandani maji ya namna hiyo yalipatikana katika kila nyumba, maana mtu aliyetembea nusu ya siku kuyateka hayamwagi. Huyatia mtungini, akayalinda kwa siku nyingi. Mtungi ule uliotunzwa kama hazina ulikuwa pia kitalu cha mbu. Akumbukapo mambo haya, msomaji hatashangaa kwa nini hapakuwa na bustani ya mchicha mlangoni. Palipokuwa na mashina machache ya mchicha au mgomba mmoja, palikuwa ni nyuma ya bafu, ambapo maji ya kuogea, yakisha kutumika, yalipewa kazi ya pili.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1950 likaundwa shirika la maji la Makonde, na pampu zikaanza kupandisha maji kutoka bondeni hata juu, yakauzwa kwa kipimo. Tangu mwanzo wa miaka ya 1970 Ufini ilisaidia kueneza mabomba na visima katika mikoa ya Mtwara na Lindi kwa muda wa miaka mingi. Kazi hiyo ilikuwa kubwa na haifai kubezwa. Lakini kupandisha maji mita mia kadhaa kwa mashine kwataka mafuta au umeme, vipuri na mafundi. Kimoja kikikosekana, bomba hukauka na ndoo hurudi kichwani. Mwaka 2022 mradi mwingine wa Makonde ulitiwa saini katika mpango wa maji wa miji 28 kwa mkopo kutoka India. Kwa mtu wa Newala, bomba ni jambo la kungojewa kama mvua, na hakuna apandaye bustani ya kuuza kwa kutegemea jambo la kungojewa.

Korosho ndiyo iliyoitia mboga sokoni. Baada ya vita vya pili vya dunia mikorosho ilienea juu ya uwanda mpaka ikawa ndiyo fedha yenyewe. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilitoa tani zipatazo 145,000 za korosho, sehemu kubwa kutoka kusini. Kisha zao likaanguka, hata katikati ya miaka ya 1980 halikufika tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi: bei ndogo kwa mkulima, ugonjwa wa ukungu mweupe wa majani na maua, na uhamisho wa watu kuingia vijiji vya ujamaa, hasa mwaka 1974, uliowaacha wengi mbali na miti yao. Mambo haya yameandikwa sana. Lililoandikwa kidogo ni kwamba aliyehamishwa mbali na mikorosho yake alihamishwa pia mbali na kunde zake. Mkorosho waweza kungoja mwaka mmoja bila kutazamwa. Mboga ni ya jioni hii. Mwanamke aliyekuwa akitoka mlangoni na kuchuma, sasa alikuwa na mwendo wa saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, na jirani yake wa kijijini alikuwa katika shida ile ile. Mahali watu wengi wanapokaa pamoja bila shamba karibu, hapo ndipo jani lianzapo kuwa na bei.

Tena mkorosho mkubwa hauna urafiki na mimea ya chini. Kivuli chake kikishakutana na kivuli cha mwenzake, kunde hazioti. Uwanda ulipojaa mikorosho, na ardhi ya kupumzisha ikaisha, nafasi ya mboga ikabaki pembezoni na katika mashamba machanga. Dawa ya ukungu nayo, ambayo ni unga wa salfa unaopulizwa kwenye miti katika miezi ya baridi, hutua juu ya kila jani lililo chini, liwe la gugu au la mboga. Hivyo korosho ilipunguza mboga kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ikatia fedha mfukoni mwa mtu wa kuinunua.

Fedha hiyo ilikuwa ya nani? Hapa pana jambo ambalo waandishi wa uchumi wamelipita kwa haraka mno. Korosho hupimwa mara moja kwa mwaka, katika mizani ya ghala, na kwa kawaida jina lililoandikwa katika daftari ni la mwanamume. Mboga haina mizani wala daftari. Huuzwa kwa fungu, na ukubwa wa fungu huamuliwa na kiganja cha muuzaji: bei ikitakiwa kupanda, fungu hupungua, sarafu ikabaki ile ile. Fedha yake ni ndogo lakini ni ya kila siku, na haimngoji mnunuzi kutoka Mtwara wala habari za mnada. Kwa fedha hiyo hununuliwa chumvi, sabuni, daftari la mtoto. Mwanamume wa Newala aweza kusema kwa fahari idadi ya mikorosho yake. Ukimwuliza nyumba imekula nini tangu Machi mpaka Oktoba, wakati korosho haijaja, ataanza kueleza habari za mkewe.

Masasi, kwa kuwa iko chini na ni njia panda ya kwenda Nachingwea, Newala na Tunduru, ilipata soko kubwa mapema zaidi. Mboga za bustani, zile zinazotaka kumwagiliwa, hulimwa penye chemchemi na mabonde ya unyevu. Ndanda, ambako misheni ya Wabenedikto ilianzishwa mwaka 1906 chini ya mteremko wa uwanda, ni mahali pa namna hiyo: maji yanayopotea juu hutokea hapo. Ni kichekesho cha nchi hii kwamba mvua ya mwenye kiu wa juu huotesha mchicha wa mtu wa chini, kisha mchicha huo ukapandishwa juu kwa gari kuuzwa kwa yule ambaye mvua ilinyesha kwake kwanza.

Pamoja na mchicha walikuja wageni: kabichi, sukuma wiki, na hiyo iitwayo chainizi, ambayo imepata jina kwa nchi ya Wachina na uraia kwa muda mfupi sana. Kabichi ina faida moja kubwa kwa mfanyabiashara: hufungwa guniani, ikasafiri siku mbili kutoka nchi za baridi, na ikishuka bado ni kabichi. Kisamvu na majani ya kunde hayawezi. Kwa hiyo kabichi ina matajiri wake na malori yake, na jani la kienyeji limebaki mikononi mwa wanawake. Wako wanaosema kwamba huo ni udhaifu wa jani la kienyeji. Yawezekana pia ni ulinzi wake, maana biashara isiyofika mbali haina dalali mkubwa wa kuichukua.

Walakini majani haya yamefika mbali kwa njia nyingine. Ng'ambo ya Ruvuma, kisamvu kilichopikwa kwa karanga na nazi huitwa matapa, na watu wa Msumbiji hukihesabu kuwa chakula cha taifa lao. Wakongo hukiita pondu, na katika mtaa wa Matonge mjini Brussels huuzwa kimesagwa na kugandishwa kwa barafu. Waliokwenda Pará, huko Brazili, nyumbani kwa muhogo wenyewe, hukuta watu wakichemsha majani hayo kwa siku kadhaa kabla ya kuyala, kwa ajili ya sumu ile ile. Ukoo wa mchicha ni callaloo kwa watu wa Jamaika, ambao London huununua hata ndani ya kopo. Ni bayam kwa Waindonesia. Mlenda ndio mulukhiya wa Wamisri, na jamaa yake huko Bengali ndiye atoaye nyuzi za magunia yale yale ambayo korosho za Newala zimetiwa ndani yake kwa miaka mingi. Na kusini mwa Marekani, mmoja wa ndugu za mchicha ni adui anayepigwa vita katika mashamba ya pamba na soya, naye tangu katikati ya miaka ya 2000 amekwisha kuzishinda dawa kali za kuua magugu. Mkulima wa huko hutumia fedha nyingi kuungamiza ukoo ambao hapa huchumwa kwa mkono na kuliwa kabla jua halijatua.

Katika Afrika Mashariki yenyewe heshima ya majani haya ilishuka kisha ikaanza kurudi. Kwa muda mrefu yaliitwa chakula cha maskini, na msichana aliyesoma aliona haya kuyaweka mbele ya mgeni. Nchini Kenya, tangu miaka ya 1990, Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia na wenzake walifanya utafiti juu ya mgagani, mnavu na kunde, wakaonyesha wingi wa madini na vitamini zilizomo, hata mboga hizo zikaingia katika maduka makubwa ya Nairobi. Huko Tengeru, karibu na Arusha, kituo cha utafiti wa mboga cha kimataifa kimekuwapo tangu mwaka 1992, nacho hutunza mbegu za mboga za kienyeji za Afrika na kutoa aina zilizochaguliwa. Tengeru ni mbali na Newala. Mbegu iliyochaguliwa penye mvua na udongo wa volkano si lazima ipende mchanga wa Makonde, na aliye na mbegu iliyouzoea mchanga huo ni yule mama anayeifunga katika kipande cha kitambaa na kuitundika juu ya moshi wa jiko. Siku hizi wengi hununua pakiti dukani. Pakiti hupatikana kwa mchicha, kwa chainizi na kwa sukuma wiki. Mlenda na mchunga bado hungoja mtu anayewafahamu awaache wakati wa kupalilia, na mabinti wanaopelekwa shule za mbali hawapo shambani kuonyeshwa.

Soko la Newala mwezi wa Oktoba lina mafungu machache na bei kubwa. Mbele ya kila muuzaji, pembeni mwa kisamvu na matembele yaliyopangwa juu ya gunia, pana kopo au chupa ya maji. Kila baada ya muda huchovya vidole, akanyunyiza juu ya majani ili yasinyauke, kwa uangalifu, matone tu. Na kiu ikimshika, hunywa katika chupa hiyo hiyo.